Chanya Kwanza, Hasi Mwisho

Hapana, sijamuua.

Nasema mapema, maana tangu buti lile lishuke puu! juma lililopita, mmenishutumu vya kutosha. Mama mmoja ameniandikia kwamba kama Msusi amekufa, yeye na gazeti hili ndiyo kwaheri. Tulia, mama. Msusi yu hai. Ila hapo alipo, hata mimi ninayemsimulia nisingetamani kuwepo.

Amejikunja ndani ya buti la gari, magoti yamegusa kidevu, giza totoro. Mgongoni ana betri mpya. Miguuni ana betri mbovu. Puani ana harufu ya mpira na vumbi.

Na aliyemfungia amemwona kwa macho yake mawili: Bibi Kufuli, mama mkwe wake.

"Mama!" Alipiga bati kwa kiganja. "Mama, fungua! Nimo humu!"

"Nyamaza," sauti ilimjibu kutoka nje, chini kwa chini. "Ukikohoa tu, tumekwisha wote wawili."

Wote wawili?

Msusi hakupata muda wa kuuliza. Alisikia viatu vya kiume vikikwaruza sakafu ya banda la gari. Viatu alivyovipiga rangi kwa mkono wake asubuhi ile.

Mume wake alikuwa amerudi.

Kwa wewe uliyejiunga nasi leo, ngoja nikushike mkono upesi. Msusi alikuwa na saluni yake na wateja wa kupanga foleni, mpaka alipoolewa na Mpima. Mpima ni mpima ardhi kwa kazi, na mtu wa sauti ya upole ambaye hajawahi kugombana na jirani. Kwa upole huo huo alimfungisha mkewe saluni. Kwa upole alichukua simu yake, eti inakwenda kutengenezwa. Kwa upole akamkabidhi mama yake mzazi funguo za geti, na tangu siku hiyo mtaa mzima ukambatiza bibi yule jina la Kufuli.

Mwisho, kwa upole vilevile, alimpeleka binti yao Chiriku, mtoto wa miaka sita, kwa shangazi yake kwa likizo. Likizo ikaisha. Chiriku hakurudi.

Msusi alibakiwa na tumaini moja, lile gari la haibridi, la petroli na umeme, lililolala bandani. Nalo lilikuwa limekufa. Gari la aina hiyo lina betri mbili. Kuna kubwa, nyuma ya kiti, ndiyo yenye misuli. Na kuna ndogo, pembeni ndani ya buti, ndiyo inayoamsha mitambo, kufungua milango na kuwasha taa. Ndogo ikifa, kubwa nayo hubaki imelala kama maiti. Leo Mpima alipotoka kwenda kazini, Msusi alifungua buti kwa ufunguo mdogo wa chuma, akaingia mzima mzima, akang'oa betri mbovu. Hapo ndipo buti liliposhuka.

Sasa tega sikio pamoja naye.

"Mke wangu yuko wapi?" Mpima aliuliza.

"Ametoka," alisema Bibi Kufuli.

"Ametokaje, mama? Funguo si unazo wewe?"

"Kanisumbua tangu asubuhi. Betri, betri, betri! Nimemfungulia geti akatafute hiyo betri yake. Nimechoka na kelele."



Msusi alibana mdomo kwa mikono miwili. Bibi yule hakuwahi kumtetea hata kwa chumvi iliyozidi mchuzini. Leo anamdanganya mwanawe wa kumzaa!

"Ndiyo maana kuna spana hapa chini," Mpima alisema. Chuma kiliparuza sakafu. "Na ufunguo ameuacha kwenye buti."



Ule ufunguo mdogo! Ulikuwa bado umechomekwa kwenye tundu la buti, shubiri moja kutoka usoni kwake. Alisikia ukizungushwa kidogo, krr. Akafumba macho. Akangoja mwanga umpige.

"Usiliguse!" Bibi Kufuli alifoka. "Kasema ndani kuna waya zilizolegea, ukifungua utapigwa shoti. Wewe ardhi ndiyo unaijua, umeme unaujulia wapi?"

Mpima alicheka kidogo. Kisha ufunguo ukachomolewa. Kloki.

"Huu nakaa nao," alisema. "Spana pia. Na ahangaike tu, mama. Hata akileta betri kumi. Mimi ndiye ninayeziua. Naacha taa ya ndani ikiwaka usiku kucha, asubuhi naizima kabla hajaamka. Mafundi wanasema betri imezeeka, naye anaamini."

Gizani, Msusi alihisi damu ikimpanda kichwani. Mara tatu gari lile lilikuwa limekufa. Mara tatu mumewe alimshika bega na kumwambia, pole mke wangu, gari hili lina mkosi.

Kikulacho ki nguoni mwako!

"Na mtoto?" aliuliza Bibi Kufuli.

"Tunaondoka naye leo. Ndege ya jioni."

Msusi alitaka kupiga yowe. Alijiuma mkono mpaka akaonja chumvi ya jasho lake.

"Mnakwenda wapi na mjukuu wangu?"

"Mbali."

"Bila kuniaga?" Sauti ya bibi ilibadilika, ikawa nzito. "Sikia, mwanangu. Nimekuzaa kwa uchungu, nimekulea peke yangu. Ukimpandisha mtoto yule kwenye ndege kabla sijamshika mkono, radhi yangu usiitafute. Hata nikifa, usije ukalia kwenye msiba wangu."

Mwanamume anaweza kumchezea mkewe, jirani hata serikali, lakini radhi ya mama ni kitu kingine.

"Sawa," alisema Mpima. "Nakwenda kumchukua sasa hivi nimlete. Utamuaga hapa hapa, mbele yangu. Ila mbele ya mtoto usimtaje mama yake. Hata jina lake. Umenielewa?"

"Kwa nini?"

"Umenielewa, mama?"

"Nimeelewa."

"Vizuri. Sasa nipe hizo funguo za geti."

Ndugu msomaji, ungekuwepo ungelisikia lile kundi la funguo likilia mkononi mwa bibi kizee. Hakuzitoa upesi. Mpima alizichukua.

"Unaninyang'anya?"

"Umemfungulia mke wangu bila ruhusa yangu. Nikikuacha huru utakwenda kumpa habari. Kaa hapa kwenye kivuli. Sitakawia."

Milango miwili ya bati ya banda ikafungwa. Kufuli likabanwa kwa nje. Viatu vikaenda zake, gari lake la kazini likanguruma, geti likalia, kimya kikaanguka.

Mtoto amemfungia mama yake mzazi! Bibi aliyewafungia wengine miaka yote leo naye yumo ndani.

Halafu, taratibu, buti liligongwa. Ko, ko.

"We Msusi. U mzima?"

"Kwa nini umenifungia, mama?" Msusi alikuwa akilia sasa, machozi yakimwingia masikioni. "Nimekukosea nini mimi?"

"Nimekufungia nikufiche. Nimemwona anafungua geti kwa ufunguo wake, ningekuita ungeuliza maswali mia. Wewe huna dogo."

"Ungeniambia tu!"

"Haya, nakuambia. Nilimsikia jana akizungumza na dada yake mambo ya ndege. Sikulala. Nilikuwa nakuangalia unavyobeba hiyo betri yako umeificha kwenye kapu la nguo, kama mjinga, mafuta yote yamekupakaa begani. Ungekamatwa siku ile ile kama si mimi kumwita mumeo aje kula."

Msusi alishusha pumzi. Betri mpya ililetwa na mke wa fundi, mteja wake wa zamani, chini ya nguo za kufua. Alidhani hakuna aliyeona.

"Nifungulie basi, mama."

"Nikufungulie na nini? Ufunguo kachukua."

Hapo ndipo hofu yenyewe ilipoingia. Kuna magari yenye kishikio ndani ya buti, ukivuta linafunguka. Hili halikuwa nacho. Msusi alipapasa mfuniko wote kwa vidole, kona kwa kona. Bati tupu. Akageukia kiti cha nyuma, akakisukuma kwa miguu. Wapi! Nyuma yake imesimama ile betri kubwa, nzito kama jiwe la msingi. Na humo mwote zimepita nyaya nene za rangi ya chungwa ambazo fundi alisema hata kwa mzaha usiziguse. Gizani rangi ya chungwa utaijuaje?

Akarudisha miguu upesi.

Joto lilizidi. Jasho lilimtiririka shingoni. Alianza kuhema kama mtu aliyekimbia. Kuta zilimsogelea, au yeye alihisi hivyo.

"Mama, nakosa hewa."

"Hewa ipo. Unayokosa ni utulivu. Mtoto yuko njiani, mwanangu. Fikiri."

Mwanangu! Miaka saba ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza. Msusi alifuta machozi kwa bega. Akafikiri.

"Mama. Mlango wa dereva uko wazi?"

"Uko wazi."

"Karibu na usukani kuna kitufe cha kufungua buti. Kinatumia umeme. Nikiunganisha betri huku ndani, wewe ukabonyeza kitufe huko mbele, nitatoka."

"Utaunganishaje na spana kaondoka nayo?"

"Kwa mkono."

"Kwa giza hilo?"

"Mama, mimi nimejisuka kisogo changu mwenyewe tangu nikiwa msichana. Kisogo hukioni. Vidole vinaona."

Alijigeuza ubavu, kiwiko kikagonga chuma, akalaani kimoyomoyo. Akalipapasa shimo la betri kwenye kona ya kulia. Akaikumbatia betri mpya, akainyanyua kidogo, akaisukuma, akanyanyua tena. Mara ya kwanza ilikwama. Mara ya pili ilimbana kidole, akatoa sauti.

"Vipi?"

"Kucha imeng'oka. Haidhuru."

Mara ya tatu ikazama shimoni, du!

Sasa ipi chanya, ipi hasi? Betri ikiunganishwa kinyume, gari lote huungua mitambo yake, na Chiriku ndiyo basi tena. Maneno ya fundi yakamrudia: chanya kwanza, hasi mwisho, na kichwa cha chanya ndicho kinene. Alivishika vichwa viwili vya betri, kimoja kwa kila mkono, kama anavyopima mafungu mawili ya nywele kabla ya kuanza kusuka. Kimoja kilikuwa kinene. Pembeni yake ukucha ukakuta alama ya msalaba imechongwa kwenye plastiki.

Akarudia kupima. Kinene ni hiki.

Kwanza kimrija cha kutolea mvuke, akakichomeka. Kisha waya wa chanya. Alikivalisha kishikizo chake juu ya kichwa kinene, akakikandamiza kwa nguvu zote, akakizungusha mpaka kikauma. Akavua kitambaa chake cha kichwani, akakifunga juu yake, kisije kikaguswa na kitu.

"Mama, uko kwenye kiti?"

"Niko. Sijawahi kukaa upande huu maishani."

"Chini kushoto kwa usukani kuna vitufe. Tafuta chenye picha ya gari limefunua mdomo nyuma."

"Vyote vina picha."

"Angalia vizuri."

"Miwani iko ndani ya nyumba!"

Ungecheka, wangu. Msusi hakucheka. Kwa mbali alikuwa amesikia mlio wa gari. Likapita. Silo.

"Basi bonyeza vyote, mama, kimoja kimoja. Nikisema sasa. Bado... bado..." Alishika waya wa hasi. Akausogeza. Cheche moja ya buluu ikaruka gizani, ikammulikia kila kitu kwa nukta moja: betri, kitambaa, vidole vyake vyenye damu. Hakuachia. Alikandamiza.

Gari likaamka. Mahali fulani mbele pakalia pi, pi, pi.

"SASA!"

Vifuta kioo vikaanza kuparuza kioo kikavu.

"Siyo hicho!"

Redio ikapiga kelele, mtu akatangaza sabuni.

"Siyo hicho, mama!"

"Usinipigie kelele, mimi si dereva!"

Mkono wa Msusi ulikuwa umekufa ganzi. Waya uliteleza, mitambo ikazima. Akaurudisha. Cheche. Pi, pi, pi.

"Endelea!"

Tak!

Buti likaruka juu, na mwanga wa mchana uliopenya nyufa za bati ukamwagika usoni kwake. Aliuona uso wa Bibi Kufuli ukimchungulia, umekunjamana, umelowa machozi.

"Toka," bibi alisema. "Umechafuka kama mchimba mkaa."

Hawakukumbatiana. Hapakuwa na muda. Bibi alipekua rafu na kurudi na koleo lenye kutu. Msusi akakaza vishikizo vyote viwili, akafunga mkanda wa betri, akafunga buti. Kidude cha kuwashia gari kilikuwa mfukoni mwa gauni lake muda wote. Mpima alichukua kile kifunguo cha chuma tu, akadhani amechukua vyote.

Walipanda. Msusi akakanyaga breki, akabonyeza kitufe cha kuwashia. Kwenye dashibodi pakawaka taa ya kijani.

"Halijawaka," bibi alinong'ona.

"Limewaka, mama."

"Mbona halingurumi?"

"Haya hayangurumi. Yanaondoka kwa umeme, kimya kimya."

Bibi Kufuli aliitazama milango ya bati nyuma yao, imefungwa kwa nje. Alivuta mkanda, akajifunga, akashika kiti.

"Hiyo milango ni bati la kuezekea," alisema. "Niliinunua mwenyewe. Rudi nyuma kwa nguvu, vunja!"

Msusi akaweka gia ya kurudi nyuma. Kioo kidogo cha kamera ya nyuma, pale kwenye dashibodi, kikaonyesha milango, kijivu, imesimama kama ukuta. Akavuta pumzi. Akainua mguu kutoka kwenye breki.

Geti likalia.

Akakanyaga breki tena, akaitoa gia. Viatu vya kiume vilikuwa vikija, na pembeni yake viatu vidogo vinavyoruka ruka. Kufuli likafunguliwa, mnyororo ukaanguka, na milango ikafunguka yenyewe kama vile imetumwa.

Kwenye kile kioo kidogo walionekana wawili. Mpima, na kamtoto kamesukwa vibaya, nywele zimefumuka upande mmoja, mkono wake ndani ya mkono wa baba.

"Chiriku!"

Msusi hakujua alivyotoka. Alijikuta nje, mikono imefunguliwa, gauni jeusi kwa vumbi na mafuta, damu vidoleni. Gari liliachwa na taa zake za nyuma zikiwaka. Mpima alibaki mdomo wazi, funguo zote za nyumba ile zikining'inia mkononi.

"Chiriku, mwanangu, ni mimi. Njoo kwa mama."

Mtoto hakuja.

Alirudi nyuma hatua kwa hatua, macho yametoka. Akajificha nyuma ya mguu wa baba yake.

"Chiriku?"

"Siyo mama," mtoto alisema. "Mama yangu amekufa."

"Nani kakuambia hivyo?"

"Nimemwona kwenye sanduku. Kwa mbali. Tulikwenda na baba na shangazi, watu wakalia." Machozi yalimshuka. "Mimi mwenyewe nilitupa maua kaburini."

Mpima alimziba mtoto mdomo kwa kiganja, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Bibi Kufuli aliteremka garini, akishika mlango ili asianguke. Alimtazama mkwewe aliye hai. Kisha akamgeukia mwanawe, na sauti yake haikuwa na ukali wowote tena, ilikuwa na hofu tupu.

"Mwanangu," aliuliza, "mmemzika nani?"